Kofia ya Mwalimu Kiponda

Alasiri ikipita, jua la Mtopanga hulegea, na mvuke wa kahawa ya Abdulghani hupanda polepole kama mtu aliyesahau aendako. Benchi lake lina nafasi tatu. Moja ya Mramba. Moja ya Nyale, aitwaye Waziri kwa kuwa hajawahi kukosa jibu. Ya mwisho ina kofia ya mwalimu Kiponda, aliyefundisha kemia miaka ishirini na minane, akazikwa mwezi wa tatu. Kofia huiweka Mramba kila siku, kisha hulifungua daftari la rafiki yake, alilopewa na mjane, wakaubishania ukurasa mmoja hadi birika likauke. Lakini jana Abdulghani alitamka kwamba wateja wanasimama, na kofia hainywi kahawa. Usiku kucha Mramba aligeuka tu kitandani.

— Soma, bwana, tuone marehemu katuachia nini, akasema Nyale.

— “Chenye elektroni za ziada huitafuta kaboni iliyopungukiwa,” Mramba akasoma. “Huijia kutoka mgongoni. Kinapoingia, kilichokuwapo hutoka, na umbo lote hupinduka kama mwavuli kwenye upepo.”

— Ndipo wahenga wakasema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani! Huyu kaingilia tezi, mwenziwe katokea omo.

— Wahenga hawakuijua kaboni, Waziri, akasema Abdulghani.

— Waliijua! Feri ya Likoni ni nini? Wanaingia huku, wanatokea kule. Na mwezi nao: ukiuona umeandama, ujue ule wa zamani umesukumwa mgongoni.

— Umesukumwa na nani?

— Na mwenye elektroni za ziada. Husikii?

Abdulghani akacheka hata kahawa ikamwagika.

— Basi wallahi benchi langu nalo ni kaboni. Aje mtu, kofia itoke.

Mramba hakucheka. Akafuata mstari uliofuata kwa kidole, mwandiko uleule ulioinama kama mnazi wa pwani.

— “Pengine kilichokuwapo huondoka chenyewe kwanza. Kaboni hubaki wazi kitambo kidogo, kisha mgeni huja kwa upande wowote.”

— Si nilisema? Iko wazi tangu mwezi wa tatu!

— Kitambo kidogo, Abdulghani. Ndivyo alivyoandika.

— Miezi saba ni kidogo?

Hapo akatokea mtu na shati lenye vumbi la saruji, Kahindi, mpangaji mpya wa nyumba ya pili. Akawaamkia, wakamwitikia. Akaitazama kofia.

— Samahanini wazee. Hapa pana mtu?

Nyale akachungulia kikombeni. Abdulghani akashughulika na makaa yasiyohitaji kushughulikiwa. Mvuke ukapanda, ukapotea. Mramba akainamia daftari, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kutazama, na chini kabisa ya ukurasa akakuta mistari miwili ambayo hakuwa ameifikia.

“Lakini zipo kaboni zilizoshikana kwa vifungo viwili. Akija mgeni, hufungua kimoja zikampokea. Hapo hatoki mtu.”

Akaisoma tena kimoyomoyo, kwa sauti ya Kiponda.

— Waziri, sogea.

— Nisogee wapi? Ukutani?

— Sogea tu, ndugu yangu.

Nyale akasogea, akinung’unika kwamba wembamba wa reli garimoshi hupita. Mramba naye akajivuta karibu na kofia, bega lake likaegemea palipokuwa bega la rafiki yake. Katikati pakatokea nafasi ya mtu mwembamba.

— Kaa hapa, mwanangu, akasema. Abdulghani, vikombe vinne.

Abdulghani akawatazama wote watatu, kisha kofia, akamimina vinne.