Sabuni ya Gwantwa

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wetu wa dini, ndugu wafanyabiashara wa Tunduma, watumishi wenzangu, na wewe mke wangu Tabita uliyengoja miaka thelathini na mmoja nitoke ofisini, nawasalimu nyote.

Nimechoka kusifiwa, ndugu zangu. Mmesimama hapa mmoja baada ya mwingine mkisema mimi Barnaba, ninayestaafu leo, nilikuwa afisa biashara aliyetenda haki kwa wote. Kabla sijazipokea sifa hizo, naomba niwaeleze habari ya mama mmoja.

Gwantwa alitoka Ibaba, akapanga hapa mjini, akawa anatengeneza sabuni ya maji. Mama lishe walimjua, madereva wa malori walimjua, hata Nakonde, ng'ambo ya mpaka, sabuni yake ilivuka. Kipindupindu kilipoingia, serikali ikatoa ruzuku kwa watengeneza sabuni ili bei ishuke, watu wanawe mikono. Nani angepinga jambo jema kama hilo? Lakini orodha ya wa kupewa niliandika mimi, na niliandika kiwanda kimoja tu, kwa sababu makaratasi yake yalikuwa tayari na mimi nilikuwa na haraka.

Sabuni ya kiwanda ikauzwa nusu ya bei ya Gwantwa. Akaja ofisini na ndoo yake.

"Bwana Biashara, sabuni yangu ina kasoro?"

"Haina, mama."

"Basi tupeni wote, au mtuache wote tushindane."

Nikamwambia asubiri awamu ya pili. Je, nilijua kama ipo? Sikujua. Nilitaka tu aondoke.

Alisubiri miezi minne, akafunga. Ugonjwa ukaisha, ruzuku ikaisha, na kiwanda kilichobaki peke yake sokoni kikapandisha bei. Ninyi mama lishe mliokaa kule nyuma mnaijua bei hiyo, sabuni mnainunua kila siku.

Watu walipona, namshukuru Mungu. Ila hili lilikuwa kosa langu, na nimemwandikia Sekela, anayeshika nafasi yangu: ikija ruzuku nyingine, tangazo libandikwe wazi, na wadogo waitwe.

Wiki iliyopita nilimfuata Gwantwa kumwomba radhi, nikamwalika hapa. Alinisikiliza akiwa amesimama.

"Nimekusamehe, Bwana Biashara. Ila kuja siwezi, siku hiyo niko zamu."

Zamu yenyewe ni kwenye kiwanda kile kile, ndugu zangu. Saa hizi tunapokula, yeye anafunga vizibo vya chupa.

Nawashukuru kwa zawadi, kwa chakula, na kwa kunivumilia hadi neno hili la mwisho. Asanteni sana.