Rafiki Yangu Alikuja na Uji

Ndugu zangu, mwenyekiti wa mkutano huu ameniomba nisitaje majina. Nitataja. Mimi si mtu wa shule, sijui kuzungusha maneno.

Aliyetaka kuniua ni Kaberia, rafiki yangu. Tulitahiriwa pamoja, tukachuna miraa pamoja tangu ujana. Aliyempa dawa ni ndugu yangu wa damu, Mugambi.

Mnajua miti ya miraa ya zamani ilivyo mirefu. Tawi lilivunjika, nikaangukia shingo. Hospitali walinirudisha nyumbani nikiwa siwezi kusogeza mkono wala kutoa sauti. Lakini nilikuwa nasikia. Nawaambia, nilisikia kila kitu, na hakuna aliyejua. Watu walikuja kuniona wakaongea juu yangu kama gunia la viazi.

Siku moja Mugambi alimwambia Kaberia, hapo hapo kando ya kitanda, kwamba hata ng'ombe akivunjika mgongo hatumwachi ateseke. Kaberia akalia. Akasema mimi mwenyewe nilimwachia neno. Na ni kweli, ndugu zangu. Tukiwa vijana, juu ya mti, tukicheka, nilimwambia nikianguka nikawa mtu wa kulishwa, animalize. Nilikuwa na miguu yangu wakati huo. Ningejua nini?

Asubuhi iliyofuata Kaberia akaja na uji. Akaninyoa ndevu, akanipaka mafuta, akaniombea. Aliposogeza kikombe nikasikia harufu ya dawa ya kupe. Nyinyi mnaofuga mnaijua, uji hauwezi kuificha. Nilishtuka, na mwili wa kushtuka nao sina. Akaniinua kichwa polepole, akaingiza kidole pembeni mwa mdomo, vile tunavyonywesha ndama.

Nikamuuma. Sikujua kama meno bado ni yangu. Niliuma mpaka damu ikatoka.

Hakupiga kelele. Kikombe kilimwagika kwa blanketi, akanitazama tu.

"Kumbe uko?"

Ningejibu vipi, na kidole chake kiko mdomoni?

"Unataka kukaa, hata hivi?"

Ndugu zangu, hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa tangu nianguke. Nikaachilia kidole. Nikafunga macho, nikafungua.

Sauti ilirudi polepole, mikono ikafuata, miguu ikakataa. Leo nauza parachichi sokoni Gakoromone, kwa kiti hiki cha magurudumu. Asante Mama Kinya, jirani yangu, aliyeninyoosha mikono kila asubuhi huku akinitukana nisilale. Asanteni nyinyi mlionitafutia kiti.

Mugambi hajaniangalia machoni mpaka leo. Kaberia anasema ilikuwa huruma, na namwamini. Hapo ndipo panaponiuma zaidi. Mtu akikuambia neno akiwa mzima, akicheka, usimletee akiwa kitandani. Muulize upya. Akinyamaza, mwangalie macho, umuulize tena.

Aliyenisukuma kuja hapa ni huyo Kaberia, amesimama pale mlangoni. Kidole chake hakijanyooka. Kila asubuhi ananiletea uji, anakunywa nusu yeye kwanza nikiona, halafu ananipa kikombe.

Bado sijaunywa.