Elmaz Aliugua Kabla Hajatolewa Nje

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Mjukuu wetu Elmaz, binti wa Ridvan na Sevjan, alizaliwa tarehe 9 Agosti 2016 katika hospitali ya wilaya, kilo tatu na ushee. Alilia vizuri. Kesho yake yeye na mama yake wakaruhusiwa kurudi hapa kijijini Karacham, imamu akamwadhinia sikioni na kumpa jina.

Alikuwa na mkono wenye nguvu. Mchana mmoja alikishika kidole cha babu yake, Halil, na mzee akakaa hivyo hivyo mpaka chai ikapoa. Nilipotaka kumbandua akanikataza. "Niache, Hamide. Nimekamatwa na mke mwenzako, na huyu hanuni kama wewe."

Shule hakuiona, ndoa hakuifikia. Kazi yake ilikuwa moja, kunyonya, nayo ilimshinda. Akivuta kidogo anatoka jasho kichwani, anaachia, analala. Tukasema ni joto, maana hata sisi tulikuwa tunaloa jasho kwenye mashamba ya tumbaku. Usoni alifunikwa kitambaa cha njano, kama tunavyowafunika watoto wetu wote wasipate ugonjwa wa manjano. Chini ya kitambaa kile watoto wote wanaonekana wa rangi moja.

Jana Alhamisi, tarehe 18, asubuhi, Sevjan alimpeleka dirishani akamfunua. Midomo ilikuwa kama ya mtoto aliyekula forosadi. Akaniita kwa sauti ndogo: "Mama, mwanangu ana rangi ya buluu." Majirani waliokuwa jikoni wakamkumbusha kwamba arobaini ya uzazi haijaisha, asivuke kizingiti. Akawajibu huku anavaa viatu: "Hiyo arobaini nishikieni, nitaikuta nikirudi."

Kule zahanati nesi alimfunga mtoto taa ndogo mguuni, ile inayopima hewa iliyomo kwenye damu, na papo hapo akaita gari la wagonjwa. Huko Plovdiv, kwenye hospitali kubwa, wakautazama moyo kwa mashine. Mshipa wa kupeleka damu mapafuni ulikuwa mwembamba mno tangu kuzaliwa, na kijia cha damu kilichokuwa kikimsaidia tangu tumboni mwa mama yake kilikuwa kinajifunga. Walihangaika naye sana. Alifariki jioni, mama yake akiwa amemshika mguu.

Daktari alitueleza kwamba taa ile ile, kama angefungwa mkononi na mguuni kabla hajatoka hospitali, huenda ingeonyesha mapema, na wapo watoto wa namna hii wanaopasuliwa wakapona. Kule alikozaliwa hakupimwa.

Sasa nasikia inanong'onwa kwamba mama yake alimtoa nje mapema, ndiyo maana mtoto akachukuliwa. Hapana, dada zangu. Aliugua kwanza, ndipo akatolewa. Katika nyumba nzima ni Sevjan peke yake aliyeona. Nasema haya mbele ya Mungu, na mimi ni mama mkwe wake, mnajua hatuna desturi ya kuwapendelea wake wa wanetu.

Binti zenu wakijifungua, ombeni mguu wa mtoto ufungwe taa ile kabla ya kurudi nyumbani.

Ameacha babu yake Halil, mimi bibi yake, baba yake Ridvan, na mama yake Sevjan, aliye chumba cha ndani, maziwa bado yanamtoka, anaogopa macho yenu. Tukimaliza dua, ingieni mmshike mkono.

Mola ampokee Elmaz, ampumzishe pale ambapo pumzi haimpungukii mtu. Amina.