Sauti ya Shefu Mwape

Kijiwe chetu kiko mtaa wa Kamalondo, mbele ya meza ya Mama Chola anayeuza kahawa na mkate: ubao mmoja mrefu juu ya matofali, na watu walewale kila asubuhi. Wa kwanza kufika ni Antenne, fundi wa redio na televisheni. Tulimpa jina hilo, yaani antena, kwa sababu habari za mtaa humpitia yeye kabla ya kuwafikia wenyewe. Wa pili ni Mutumishi, shemasi wa kanisa la maombi, mtu wa methali, ingawa methali zenyewe huzitia mahali pasipo pake. Jumatatu moja Papa Désiré alitukuta tumekwisha kaa. Zamani alikuwa wakala wa forodha kule Kasumbalesa mpakani, akibishana na madereva na wakubwa, na sisi hatukuwahi kumwona amekosa neno. Siku hiyo alipokea kikombe chake, akakishika tu.

— Papa Dési, kuko nini? akauliza Antenne.

— Ni Benita. Tangu juzi hasemi.

— Iko mugonjwa?

— Hapana. Anakula, anaosha masahani. Lakini kusema, hapana. Ukimuita anaitika na kichwa.

Benita ni binti yake, anasoma elimu ya kompyuta chuo kikuu. Sote tulimjua: msichana mwembamba, mwenye kompyuta aliyoiunga mwenyewe kwa vipande vya kompyuta zilizokufa. Baba yake akaanza kueleza polepole, akisimama kila mara kama mtu anayetafuta njia gizani.

— Juzi, siku ya posho, vijana banabisha ku mulango. Banasema banatafuta Shefu Mwape. Nikabaambia, hapa hakuna Mwape. Banasema, Papa, njo hii adresse alitupatia. Ni kapiteni yetu. Tulishinda ba équipe yote ya mu muji, tunakuya kumupongeza.

— Équipe ya football?

— Ya jeu, ya muchezo. Ya mu ordinateur. Kila muntu anachezea kwabo, banasemezana mu micro. Mwape njo anabapatia amri: weye pita kushoto, weye ngoja.

— Na Mwape ni nani?

Désiré akatazama kahawa yake.

— Ni Benita. Alitoka mu chambre, chumba yake, akasema, "Ni miye." Balimuangalia. Mumoja akauliza, "Uko dada yake?" Akasema tena, "Ni miye Mwape." Bakaangaliana, bakaenda. Hata kuaga, hapana. Magaribi bakamufukuza mu groupe yabo.

Mama Chola akaacha kumimina.

— Lakini sauti? akauliza Antenne. Mwanamuke anasema mu micro, habajue?

— Njo pale minapotea. Alitunga programme. Yeye anasema na sauti yake, bale kule banasikia sauti ya mwanaume.

— Alitunga yeye mwenyewe?

— Yeye mwenyewe. Aliambia mama yake, kabla ya kunyamaza. Anasema zamani alichezaka na jina yake, lakini hakuna muntu alimusikiliza. Banamuuliza tu kama iko na bwana.

Antenne ndiye aliyeanza kufafanua, maana mambo ya nyaya ni kazi yake.

— Sauti iko sawa courant ya umeme. Ukiipitisha mu machine muda murefu, itasahau njia ya kurudia. Ule mutoto hajanyamaza, Papa Dési. Sauti yake ilibakia mule mu ordinateur.

— Sasa nizime ordinateur?

— Usizime. Utaiua.

Mutumishi akatikisa kichwa.

— Hii haiko mambo ya courant. Mwape iko kweli. Ni bwana ya usiku, anaoaka binti mu ndoto. Ile mapepo inatafutaka binti mwenye akili, inaingia mu chambre yake. Wazee balisema, mugeni akuye, mwenyeji apone.

— Ile methali ni ya mugeni muzuri, akasema Mama Chola.

— Mugeni ni mugeni.

Antenne hakukubali kushindwa.

— Mufikirie. Kama kuko sauti ya mwanaume, ilitoka kwa mwanaume fulani. Kuko muntu, pengine ku Kolwezi, anaamuka asubuhi, anaita muke yake, inatoka sauti ya Benita.

Hakuna aliyecheka. Désiré alimtazama kwa makini.

— Basi tumutafute?

— Tutangaze ku redio.

— Atajibu namna gani, na sauti ya mutoto wangu?

Mutumishi akashauri tufunge na kuomba, kwa kuwa haba na haba hujaza kibaba. Tulikuwa bado tunatafuta maana ya hilo wakati basi dogo la Kipushi liliposimama kando. Akashuka msichana mmoja na mkoba mgongoni.

— Yambo ba papa. Yambo mama. Minatafuta kwa Shefu Mwape.

Désiré akasimama.

— Weye ni nani?

— Christiane. Niko mu équipe yake. Nilikuwa.

— Ile équipe ni ya bavulana.

— Mu jeu bananiitaka Chilufya. Miye sisemaka mu micro, minaandikaka tu. Banafikiri niko muvulana. Balimufukuza, na miye nikatoka. Téléphone yake haipite.

Mutumishi akamwuliza kama huwa anaota mwanaume usiku. Antenne akamweleza habari za yule mtu wa Kolwezi. Christiane alisikiliza yote kwa adabu, mpaka mwisho. Kisha akauliza:

— Bale bavulana balimusikiliza Mwape tangu mvua ilianza. Akisema mupite, banapita. Akisema mungoje, banangoja. Sasa balikuwa banamusikiliza nani?

Mama Chola alitutazama mmoja mmoja. Désiré akachukua mkoba wa yule binti, akamwambia:

— Twende.

Kesho yake alifika amechelewa, macho mekundu.

— Alisema?

— Alisema. Bale babili balianza polepole, kiisha kelele, nikafikiri kuko moto. Balifungua équipe yabo, na majina yabo, Benita na Christiane. Balicheza na bantu ba Likasi.

— Na sauti ya mwanaume?

— Aliiacha. Alisema na yake mwenyewe.

— Balishinda?

— Balipigwa. Balipigwa mubaya. Na bale ba Likasi balibatukana, miye mwenyewe nilisikia.

— Akalia?

— Alinyamaza kidogo. Nikaogopa. Kiisha akabaambia, "Kesho tunarudilia." Akacheka.

Mutumishi akaweka kikombe chini.

— Banamupiga, banamutukana, na anacheka. Ile inaitwa nini?

— Miye pia sielewi, akasema Désiré.

Akamaliza kahawa yake wima.

— Unaenda wapi? Haujakaa.

— Banaanza saa hii. Benita anasema nikae ku mulango, nisikilize, nisiulize kitu.