Jina la Diwani wa Kiwambani

Kijiwe cha Mishomoroni kiko ubavuni mwa duka la simiti: benchi mbili zinazotazamana, na katikati yake jiko la makaa la Hashim, muuza kahawa. Baada ya swala ya alasiri wenyewe hukusanyika. Yuko Nguma, aitwaye Makadirio kwa kuwa hana jambo asilolikadiria, na Wafula wa bandarini, aitwaye Winchi kwa kuwa akishanyanyua neno halishuki. Siku hiyo pahala pa tatu palikuwa wazi. Mwenyewe, mzee mshona kofia ambaye mtaa mzima ulimwita Diwani, alikuwa ameanguka asubuhi mlangoni pake akapelekwa zahanati ya Magogoni. Hashim ndiye aliyemshika miguu wakimpandisha tuktuk.

Diwani huyu hakuwa wa kupigiwa kura. Alikuwa mtawala wa mwisho wa Kiwambani, kisiwa kidogo cha kaskazini. Alitawazwa ana miaka kumi na tisa, akatawala miezi kumi na minne, Mwingereza akafunga virago, na bendera ya kisiwa ikashushwa. Akavuka bara na sanduku moja. Miaka sitini na ushei sasa anashona kofia Mishomoroni.

— Hilo sanduku lilikuwa na nini? aliuliza Winchi. Mtu hawezi kutawala kisiwa halafu atoke na kanzu tupu.

— Dhahabu, alisema Makadirio. Kadiria ratili arubaini. Ameizika. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali, ndiyo maana hajaigusa mpaka leo.

— Wacha zako, mzee. Huyo alielewana na Wazungu mapema. Aliwaachia kisiwa, wakamwachia shingo yake.

Makadirio alivuta finjani yake, akainama kama mwenye kutoa siri.

— Basi nikupe la ndani. Diwani wa kweli alifia njiani. Huyu wetu ni mpishi wake. Humwoni anavyonusa bizari dukani? Kidole kimoja hakivunji chawa, Winchi. Mtawala gani atakimbia peke yake?

Kwa kawaida Hashim huwaacha wajiendee. Lakini leo hakuwaacha. Alipakua kahawa, akaiweka chini bila kumpa mtu, akawaeleza jambo ambalo Diwani alimwambia mara moja tu, mwaka ule mvua ilipowazuia wateja wote.

Siku ya bendera, alisema Hashim, watu wa Kiwambani walijaa uwanjani kutazama ile mpya ikipanda. Ya zamani ilipofika chini, askari hakujua aifanyeje, akaiburura mchangani. Diwani akateremka barazani, akaichukua, akaikung'uta, akaikunja mara nne kama anayekunja kanzu iliyofuliwa, akamrudishia. Askari akasema ahsante. Ndilo neno la mwisho aliloambiwa kisiwani kwao. Hakulia mtu, wala hakuzomea mtu. Walikuwa wakitazama juu.

— Aliniambia kuzomewa kungekuwa nafuu, alimalizia Hashim.

Winchi akakuna kidevu. Makadirio akaiokota ile kahawa iliyowekwa chini, akainywa.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke wa makamo aliyevaa sare ya uuguzi na mtandio mweupe. Akawaamkia, wakamwitikia. Alisema anaitwa Mwanarehema, ametoka zahanati, na ameelekezwa kwamba hapa ndipo walipo watu wa yule mzee.

— Yu hai? aliuliza Hashim.

— Yu hai, alhamdulillahi. Lakini haitikii akiitwa. Nimemwita Diwani, kama kitambulisho kilivyoandikwa, hata jicho halichezi. Wazee wakifika hapo, mara nyingi husikia jina la utotoni tu. Mamake alikuwa akimwita nani?

Kule Kiwambani mtu akitawazwa, jina la kuzaliwa huwekwa chini na halitamkwi tena. Hilo walilijua wote. Walijua uzito wa sanduku lake, waliijua dhahabu, walimjua mpishi. Hashim alihesabu moyoni miaka thelathini ya kummiminia kahawa, na katika yote hiyo hakukumbuka siku aliyomuuliza jina.

Alimwaga maji jikoni, makaa yakapiga kelele, akamfuata Mwanarehema. Nyuma yake hakuna aliyedai kahawa.

Diwani alilala ubavu, mdogo kuliko alivyoonekana benchini. Hashim aliketi, akaushika mkono wenye sugu za sindano. Hakuwa na jina la kumwita, basi akaanza kuita yote aliyoyajua ya watoto wa kaskazini, taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumba baada ya nyumba. Kombo. Mbwana. Shee. Athmani. Famau. Mwanarehema alisimama mlangoni, akasahau kwenda zake. Bwanakheri. Lali. Madi.

Kwenye Omari vidole vilijikunja mkononi mwake. Hashim akainama, sikio karibu na mdomo uliokauka.

— Silo hilo, alisema mzee, macho yamefumba. Lakini endelea kuita.