Zacharie Bosongo, Aliyetaka Mhandisi Asimame Nje

Wapapa na wamama, ndugu na majirani, kwa niaba ya familia ninawasomea maisha ya Papa Zacharie Bosongo.

Alizaliwa Isangi tarehe 14 Machi 1926, mtoto wa tatu wa mvuvi Augustin Bosongo na Mama Émilie, akasoma kwa wamisionari hapo hapo Isangi, kisha akaja Kisangani, wakati huo Stanleyville, akasomea ukarani, na mwaka 1947 akaajiriwa na utawala wa mkoa. Tarehe 6 Mei 1950 alifunga ndoa na Mama Germaine, wakajaliwa watoto wanne, ambao wote wako hapa.

Baada ya uhuru alikabidhiwa idara ya viwanda ya mkoa, na mwaka 1961, serikali ilipotaka kujenga kiwanda cha mafuta ya mawese na sabuni hapa mtaani Mangobo, wajumbe wa nchi mbili zilizokuwa zikishindana walitua uwanja wa ndege wa Simi-Simi, kila upande ukiahidi mashine bora na mkopo mwepesi, mradi wahandisi wawe wake kwa miaka kumi. Papa Zacharie aliandika sharti moja katika mkataba, kwamba kabla ya malipo ya mwisho mhandisi wa kigeni asimame nje ya lango, na kiwanda kiendeshwe wiki nzima na Wakongo peke yao. Pande zote mbili zilikataa, na mkubwa wake akamwambia mbele ya watu, "Zacharie, unatufukuzia bazungu na mashine yabo!" naye akajibu, "Chef, siku bazungu watarudi kwabo, nani atawasha? Wewe?" Jibu hilo lilimnyima cheo, lakini kampuni ndogo ya nchi ya tatu ilikubali sharti, na aliyechaguliwa kufundishwa kuendesha boila, mtambo wa mvuke unaozungusha mashine, alikuwa Daudi Asumani, wa hapa Mangobo.

Agosti 1964 waasi waliuteka mji, wahandisi wakafungwa, na Papa Zacharie akakamatwa kwa sababu ya sahihi yake katika mkataba wa wageni, akapigwa, akaletwa kwenye ua wa kiwanda na kusimamishwa ukutani. Kamanda alisema, "Unasema kiwanda ni ya Bakongomani? Bon, iwake sasa. Kama haiwake, unakufa." Daudi, aliyekuwa amejificha kwa shangazi yake na ambaye marehemu alikataa kuwatajia waasi, alisikia, akatoka, akawasha moto, na watu wakasubiri mpaka mvuke ukapanda na mashine zikazunguka. Kamanda alicheka, "Papa, haukudanganya," akamwachilia, kisha akamgeukia Daudi, "Fundi kama huyu ni wa jeshi." Walimpakia kwenye lori akatengeneze magari ya vita, na hakurudi.

Kipigo kile kiliharibu figo za Papa Zacharie, lakini alirudi kazini, akasimamia mafunzo ya mafundi wawili wapya wa boila, hadi alipolazwa Januari mwaka huu, na akafariki Jumanne tarehe 7 Machi 1967.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wafanyakazi wenzake, wakiwemo walio zamu kiwandani saa hii, na Mama Hadidja, mke wa Daudi, aliyempelekea Papa uji hospitalini hadi siku ya mwisho.

Marehemu aliagiza kwamba maisha ya Daudi yasomwe pamoja na yake, kwa kuwa hayajasomwa popote. Daudi Asumani alizaliwa Mangobo mwaka 1935, akasoma madrasa kwa baba yake, akamwoa Hadidja mwaka 1958, akawa fundi boila, na tarehe na mahali alipofia hatuvijui. Mama Hadidja, ambaye kwa miaka hii yote hakumruhusu mtu kumwita mumewe marehemu, leo asubuhi ameturuhusu.

Pumzikeni kwa amani, Papa Zacharie, na wewe Daudi.