Pweza Ambaye Hayumo Kwenye Filamu

MORVEN: Haloo? Nani mwenzangu?

ARCHIE: Mwenzako ni baba yako! Namba ya nyumbani Arbroath umeshaisahau?

MORVEN: Baba! Mbona saa za kazi? Kuna mgonjwa?

ARCHIE: Kidole gumba tu. Nimefika kwa pweza.

MORVEN: Pweza gani?

ARCHIE: Anauliza pweza gani! Wa gemu yako, mama. Hatua ya mwisho kabisa, na nimebakiwa na roho moja. Simu nimeibana kwa bega.

MORVEN: Bado... bado unaicheza hiyo?

ARCHIE: Wiki ya tatu. Sauti inakatika, uko wapi?

MORVEN: Kwenye ngazi za ofisi, mtandao mbovu. Baba, hakuna mtu anayemaliza gemu ile. Hata sisi tulioitengeneza—

ARCHIE: Lile daraja la barafu nimeanguka mara arobaini! Unabonyeza kuruka, jamaa kwanza anatafakari.

MORVEN: (anacheka) Najua.

ARCHIE: Halafu huyu pweza. Filamu iliyozaa gemu hii nimeitazama mara mbili na Dod wa jirani, ukumbi umejaa mpaka ngazini. Pweza hayumo! Adui ni daktari wa meli.

MORVEN: Tulipopewa hadithi, adui alikuwa pweza. Filamu yenyewe ilikuwa haijaisha, na gemu ilitakiwa itoke nayo siku moja. Wao wakabadilisha, sisi hakuna aliyetuambia. Tulijua sinemani, kama wewe.

ARCHIE: Mkiwa mmekaa pale?

MORVEN: Watu kumi na wawili, safu moja. Tunamngoja pweza.

ARCHIE: Lakini kachorwa vizuri, huyu.

MORVEN: Nilimchora mimi.

ARCHIE: Si nilimwambia Dod! Nikamwambia, macho hayo ni ya marehemu mama yake, akiniona naingia jikoni na viatu. Dod anakuja saa tisa.

MORVEN: Anakuja kufanya nini?

ARCHIE: Kusoma majina. Ukimaliza gemu, si yanatokea majina ya waliotengeneza? Klabuni, kwenye mchezo wa matufe, wazee wenzangu wananicheka. Ati binti yako huko Dundee anapiga chapa tu. Leo Dod avae miwani asome mwenyewe: Morven Mudie.

MORVEN: Baba, iweke chini hiyo gemu.

ARCHIE: Niiweke chini? Miaka thelathini na minane kiwandani, kila chuma nilichokichonga nilikigonga namba yangu. Namba, si jina! Wewe umepata jina zima—

MORVEN: Jarida la gemu limetupa alama mbili kwa kumi!

ARCHIE: Hilo jarida halijafika kwa pweza.

MORVEN: Nisikilize. Jina langu—

ARCHIE: Anainua mkono!

MORVEN: Jina langu hali—

ARCHIE: Unakatika! Mwanangu, nimpige wapi? Jichoni nimepiga, anacheka tu. Nimpige wapi?

MORVEN: ...

ARCHIE: Morven? Roho ni moja hii! Anarudi! Morven!

MORVEN: Mkono wa tatu. Kwa chini. Ngoja apepese macho kwanza.

ARCHIE: Apepese... apepese... Haya! Anazama! Mama yangu, anazama, ona povu hilo!

MORVEN: Hongera, Baba.

ARCHIE: Majina hayo, yanapanda. Herufi kama sisimizi. Msimamizi... Muziki... Huyu wa madaraja ni nani, nina ugomvi naye. Haya, michoro. "Pweza na viumbe vyote vya baharini..."

MORVEN: Baba?

ARCHIE: Archibald Mudie.

MORVEN: Ndiyo.

ARCHIE: Huyu ni mimi.

MORVEN: Ni wewe.

ARCHIE: Mimi nimechora pweza?

MORVEN: Siku ya mwisho niliomba waliondoe jina langu. Wengi hufanya hivyo gemu ikiharibika, maana jina hilo linakufuata kila kazi unayoomba. Wakaniambia nafasi haiachwi wazi, taja jina lolote, kaseti za gemu zinakwenda kiwandani sasa hivi. Likanijia lako.

ARCHIE: Lako ukalionea aibu.

MORVEN: Nililionea.

ARCHIE: Langu hukulionea.

MORVEN: Wewe umeshastaafu, Baba. Nani atakufukuza?

ARCHIE: Imeganda.

MORVEN: Nini?

ARCHIE: Gemu. Imesimama papo hapo kwenye jina langu. Nabonyeza, haisogei.

MORVEN: Huganda hapo. Tuliijua kasoro hiyo, tukaiacha. Tukasema nani atafika? Izime tu, Baba. Dod mwambie roho iliisha.

ARCHIE: Nimwambie nilishindwa?

MORVEN: Ndiyo. Izime kabla hajafika.

ARCHIE: Kengele hiyo. Huyo keshafika.

MORVEN: Baba, izime! Nisamehe, sikudhani kama—

ARCHIE: Jumapili njoo ule, hayo tutayazungumza. Njoo na njaa, maana nitasema sana. (kwa sauti) Ingia, Dod, mlango uko wazi! Miwani umeleta? (anashusha sauti) Upesi, niambie. Kwa nini anapepesa macho kabla ya kupiga?

MORVEN: Baba, unataka kufanya nini?

ARCHIE: Dod ataniuliza, yule hakubali kitu bila maswali. Anapepesa kwa nini?

MORVEN: Kwa sababu anaogopa.

ARCHIE: Anaogopa. Vizuri. Ndivyo nilivyomkusudia. Haya, kwaheri, nina mgeni.